Kitovu cha Shujaa

Maneno niliyosema Tanga siku tuliyotoa toleo la kwanza la hadithi yetu ya picha. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa Ngamiani, kwenye baraza ya jirani yangu, nimetandaza kurasa nane za toleo hili zikauke wino. Akapita mama mmoja anatoka sokoni na kapu lake, akasimama. Akainama akatazama ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, polepole, kama mtu anayechagua mchele. Hakusema kitu mpaka alipofika wa nane. Ndipo akaniuliza, "Fundi, huyu shujaa wenu mbona hana raha? Mtoto akisoma hivi atalala kweli?"

Nikamjibu haraka haraka, jibu la mtu aliyechoka, kwamba hadithi za siku hizi ndivyo zilivyo. Akaitikia kwa adabu, akaenda zake. Usiku ule jibu langu lilininyima usingizi, kwa sababu lilikuwa uongo. Hadithi haipati giza kwa kuwa ni ya siku hizi. Nimeomba nafasi hii nimjibu yule mama kama alivyostahili kujibiwa siku ile, na nashukuru kwamba amekuja, yuko pale kiti cha mbele.

Swali lake lina haki. Sisi tulilelewa na vibonzo vya kucheka. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru alituchekesha huku akitusema. Likaja gazeti la vibonzo la Sani, la Saidi Bawji na Nico ya Mbajo, na akina Ndumilakuwili na Lodilofa. Nakala moja ilipita mikono kumi, ikikufikia wewe jalada halipo, na bado ulikuwa unaipigania. Kwa hiyo mtu wa hapa akiona fremu na puto la maneno, uso wake unajiandaa kucheka. Ukimwonyesha msiba ndani ya fremu ile ile, anashtuka kama mtu aliyesikia vigelegele matangani.

Na hawa mashujaa wenye nguvu za ajabu, hata huko Marekani walikotokea, hawakuanzia gizani. Superman alitoka katika toleo la kwanza la Action Comics mwaka 1938, likiuzwa senti 10. Jaladani amenyanyua gari, watu wanatawanyika. Waliombuni walikuwa vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, na haki za mtu yule mwenye nguvu kuliko wote waliziuza kwa dola 130. Nyinyi wachoraji mliokaa nyuma, namba hiyo iandikeni ukutani, juu ya meza mnayochorea. Mtu akikuletea karatasi ya kutia saini, isome, ilale kwako usiku mmoja, kisha uwasomee na watu wa nyumbani.

Mwaka uliofuata akaja Batman, na huyo tayari alikuwa na kivuli: alikuwa mtoto alipoona wazazi wake wakiuawa. Lakini kivuli kile hakikuachwa kikue. Mwaka 1954, baada ya malalamiko ya wazazi na vikao vya Seneti, wachapishaji wa Marekani walijiwekea kanuni. Wema ushinde kila mara, mhalifu aadhibiwe, mambo ya kutisha yaondolewe. Sisemi nia yao ilikuwa mbaya. Lilikuwa swali lile lile la mama yetu, mtoto atalala? Ila kanuni ikikwisha kukuambia mwisho wa hadithi kabla hujachonga penseli, kinachobaki ni kuchora misuli. Wakapita miaka mingi mashujaa wakiwa watu wasiozeeka na wasiodaiwa na mtu.

Mwaka 1986 ndipo mambo yalipogeuka. Frank Miller alimchora Batman mwenye miaka 55, amestaafu miaka 10, mwili unamuuma. Na Septemba mwaka huo huo, kwa tarehe ya jaladani, likatoka toleo la kwanza kati ya matoleo 12 ya Watchmen, mwandishi Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons, Waingereza wote wawili. Naomba nikae hapa kidogo, maana ukurasa wa kwanza wa toleo lile nimeutumia kufundishia miaka mingi na bado haujaniishia.

Jalada ni beji ya njano yenye uso wa kucheka, imechorwa kwa karibu mno, na tone la damu limeiangukia. Ukifunua, fremu ya kwanza ni beji ile ile, imelala mferejini na damu inapita. Maana yake hadithi ilikwisha kuanza hujafungua kitabu, umeishika mkononi hujui. Kisha jicho linaanza kupanda. Kuna mtu anaosha njia kwa mpira wa maji, anaisukuma damu mferejini. Anapita mwingine amebeba bango la kutangaza mwisho wa dunia, anaikanyaga damu, anaendelea na njia yake, nyayo nyekundu zinamfuata. Jicho linapanda, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka fremu ya saba, pana kuliko zote, mpelelezi yuko kwenye dirisha lililovunjika anachungulia chini. Fremu saba, na hakuna ngumi hata moja. Aliyekufa alikuwa shujaa, lakini kabla hujamjua umeonyeshwa mtu wa kuosha njia.

Na yule mbeba bango? Ni mmoja wa mashujaa wenyewe wa hadithi, bila kinyago chake. Umempita katika ukurasa wa kwanza kama tunavyowapita watu wanaojisemea peke yao stendi, na yatapita matoleo kadhaa ndipo uambiwe ni nani. Mimi nilipogundua nilirudi ukurasa wa kwanza nikamtazama upya, nikaona aibu, kana kwamba nilikuwa nimempita mtu kweli bila salamu.

Gibbons aligawa kurasa nyingi kwa msingi wa fremu tisa zinazolingana, zimepangwa kama madirisha ya bweni. Hakutia mistari ya kasi, hakuandika sauti za mapigo. John Higgins, aliyetia rangi, aliegemea zambarau, kijani, machungwa na kahawia, rangi za matunda yaliyoanza kulala. Vijana wakiniambia "mwalimu, tufanye hadithi ya giza" halafu wakakimbilia chupa ya wino mweusi, nawarudisha kwenye ukurasa huu. Barabara ile inaonekana vizuri, hakuna kilichofichwa. Giza lake ni kwamba shujaa amekwisha kupita, na kuna mtu ambaye kazi yake ya asubuhi ni kuosha alichokiacha.

Jambo hilo, ndugu zangu, pwani hii ililijua zamani.

Fumo Liyongo mnamfahamu. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliuandika utendi wake mwaka 1913, lakini habari zenyewe zilikuwa vinywani mwa watu muda mrefu kabla yake. Mtu wa kimo, mshairi, mpiga upinde, na mfalme akamwogopa akamtia gerezani. Mama yake akamwokea mkate wa wishwa, ndani akaficha tupa. Wishwa, kwa sababu mkate mzuri walinzi wangeula wao wenyewe, na wishwa wangemwachia mfungwa. Kisha pakachezwa ngoma ya gungu, na watu walipokuwa wanaimba na ngoma inalia, Liyongo akawa anakata minyororo, sauti ya tupa inapotelea humo humo.

Mpe kisa hiki mchoraji aliyekulia kwenye kazi za kigeni, ataanzia gerezani. Mnyororo unakatika, kishindo, vumbi, shujaa anasimama. Mimi nisingeanzia hapo. Ningeanzia jikoni kwa mama. Fremu ya kwanza, mikono tu, inachekecha unga. Ya pili, unga mweupe unasukumwa kando, wishwa unavutwa karibu. Ya tatu, kanga imefunuliwa kidogo kiunoni, na ncha ya tupa inaonekana. Hapo msomaji hajamwona Liyongo, hajaona hata ukuta wa gereza, na tayari moyo wake uko kooni, kwa sababu anajua mwanamke huyu akikamatwa na mkate ule, yeye hana nguvu za ajabu za kumtoa.

Tena hapo hatujafika kwenye sindano. Hakuna silaha iliyoweza kumwua Liyongo, isipokuwa sindano ya shaba ikimwingia kitovuni. Aliyetumwa kuitafuta siri hiyo ni mwanawe wa kumzaa. Aliahidiwa uwaziri, akaahidiwa na mke. Akaenda, akamuuliza baba yake. Na katika utendi Liyongo anashuku. Anatambua kwamba mtoto amedanganywa, na bado anamwambia. Nilipozisoma beti zile nikiwa kijana niliona ni kosa la mtunzi. Mtu aliyewazidi akili walinzi wa gereza zima, amwambie mtoto siri ya roho yake, tena akijua? Sasa nina watoto wakubwa. Mtunzi alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekuwa bado.

Alipochomwa alinyanyuka, akachukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale, akafa katika hali hiyo hiyo. Watu wakimwona kwa mbali wanadhani amelenga. Siku zikapita hakuna anayethubutu kuteka maji. Ikabidi aletwe mama yake kuja kumbembeleza, mama yule yule wa mkate, na hatimaye mwili ukaanguka, ndipo wakajua. Mji mzima una kiu kwa kuogopa maiti. Nimesoma hadithi nyingi za kutisha za watu wa mbali, sijaona picha inayoizidi ile.

Kwa Liyongo ndiko nilikotoa kanuni yangu moja ya toleo la kwanza. Nguvu za shujaa zinaweza kusubiri, hata toleo la tatu. Toleo la kwanza lionyeshe kitovu, na limwonyeshe mtu anayejua kitovu kiko wapi. Na mtu huyo awe wa karibu, anayekula naye sahani moja. Adui wa mbali anakupa mapigano ya kurasa sita, basi. Wa karibu anakupa hadithi nzima.

Wala hatuna haja ya kuvuka mpaka wa mkoa wetu. Shaaban Robert, aliyezaliwa hapa Tanga mwaka 1909, katika Kusadikika alituwekea shujaa asiye na msuli hata mmoja, Karama, amesimama mbele ya mfalme anajitetea kwa mdomo. Anawataja wajumbe sita waliotumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwemo, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi yao, na malipo yao yakawa kifungo. Shuleni tulifundishwa kile kitabu kama somo la maadili, tukakariri majina kwa ajili ya mtihani. Kisome usiku, peke yako, uone kama si kizito.

Halafu kuna Amboni. Nani katika sisi hakupelekwa mapangoni na shule? Mimi nakumbuka harufu ya popo kabla sijakumbuka kitu kingine chochote, na yule mwongozaji alipozima taa makusudi tujue giza lenyewe hasa likoje. Nilinyanyua mkono mbele ya uso nisiuone. Akiwa ameizima hivyo ndipo alipotaja jina la Osale Otango. Mnajua habari zake na za mwenzake Paulo Hamisi, waliojificha mle miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni. Kwa wenye mashamba alikuwa jambazi. Kwa masimulizi ya wanyonge, alichukua kwa tajiri akawapa wasio nacho, na risasi zilikuwa hazimpati. Kama hiyo si mbegu ya hadithi ya shujaa wa giza, sijui mbegu inafananaje.

Kijana wetu mmoja alitaka tuanzie hapo hapo, shujaa atoke pangoni na popo wamemzunguka. Nilimkatalia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni popo wenyewe. Batman alichagua sura ya popo ili awatishe wahalifu. Lakini sisi hapa Pemba ni ng'ambo tu ya maji, na mwaka 1995 hofu ya Popobawa, shetani wa masimulizi mwenye mbawa za popo, iliwafanya watu wa huko walale nje makundi makundi, vijana kwa wazee, watu wasio na hatia yoyote. Ukichora mbawa za popo katika ukuta wa nyumba ya pwani, umeigusa hofu ambayo wenyewe bado wanaikumbuka. Iguse ukiwa na la kusema. Usiichukue kama pambo.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Nilimuuliza kijana, Osale Otango alikuwa anakula nini mle ndani? Akanyamaza. Mtu haishi pangoni kwa sifa. Kuna mtu alibeba ugali, usiku, akapita vichakani, akarudi nyumbani alfajiri akajifanya ametoka kuchanja kuni. Huyo hakuna aliyenisimulia habari zake, katika miaka yangu yote ya kusikia jina la Osale. Nikamwambia kijana, ukimpata huyo, chora kuanzia kwake, nami nitakushikia taa.

Sasa niseme la toleo letu, na niseme kwanza kwamba hili ni jaribio la pili.

La kwanza, miaka sita nyuma, liliharibika. Tulichora usiku mtupu, kurasa nzima nyeusi na mistari myeupe michache. Kwenye meza yangu zilipendeza sana. Tukapeleka kwa mchapaji, tukachagua karatasi ya gazeti kwa kuwa ndiyo tuliyoimudu. Wino ukazama ndani ya karatasi ukatokea upande wa pili. Uso wa shujaa wa ukurasa wa tano ukawa na kivuli cha ngumi ya ukurasa wa sita. Kurasa nyingine ziligandana, ukizifungua zinachanika. Mchapaji akasema kosa letu, sisi tukasema kosa lake, na tulipotulia nikaona kwamba nusu ya kosa ilikuwa yangu. Nilimpelekea mzee mmoja muuza kahawa nakala iliyo nzima kidogo. Aliitazama kwa heshima, akavaa miwani, akaivua, akaniambia, "Mwanangu, simwoni mtu humu." Maneno hayo manne yamenifundisha kuliko vitabu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya wino. Sikuwa na mtu wa kuonyesha.

Ndipo tukaanza kumtafuta mtu. Tukampata kwenye mkonge.

Nyinyi ni watu wa Tanga, sina haja ya kuwaeleza mkonge. Lakini kuna vijana hapa wanaouona tu dirishani mwa basi, mistari ya majani yenye miiba inapita, inapita, mpaka Korogwe. Mmea ule ni mgeni. Aliuleta Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche 1,000 aliyoagiza, iliyopona njiani ikafika kupandwa ni 62. Kutoka hiyo 62 yakaja mashamba yote mnayoyajua, reli ikashiba, bandari ikashiba, na watu wakawa hawatoshi. Wakaanza kuletwa vibarua kutoka mbali, Kigoma, Songea, Msumbiji, Burundi. Wakaandikwa mikataba, kila mmoja akapewa namba, na siku zake za kazi zikawa zinahesabiwa kwenye kadi iliyoitwa kipande, siku 30 kipande kimoja. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Neno hilo tunalitamka mpaka leo, mara nyingine kwa dharau, na hatusikii lililomo ndani yake. Ni watu walioitwa kwa namba mpaka namba ikawa jina la kundi lao.

Shujaa wetu ni mjukuu wa mmoja wao. Ni kijana wa kawaida wa mji huu, anasambaza mikate alfajiri kwa baiskeli, kreti nyuma, kengele mbovu. Babu yake alikatwa vidole na mashine ya korona, ile ya kuparua majani ya mkonge, akafa, na nyumbani hapakubaki mtu aliyejua jina alilopewa na mama yake huko alikotoka. Palibaki kipande, na namba 407. Kijana anapokishika kile kipande anapata nguvu za watu wote walioitwa kwa namba katika shamba lile. Anaweza kunyanyua lori lililojaa singa, zile nyuzi za mkonge. Uso wake anaufunga kwa kitambaa alichokisuka kwa singa zenyewe, zinamkwaruza, na tumechora mikwaruzo hiyo kila anapovua. Msaidizi wangu alikwenda kwenye uanikaji akakaa siku mbili anatazama jinsi singa zinavyoning'inia kwenye nyaya na jinsi upepo unavyozigeuza, kwa sababu nilikataa kitambaa kichorwe kwa kukisia.

Na kitovu chake, mama yangu, ni hiki. Kila akitumia nguvu zile, jina moja la mtu anayemjua linamtoka. Uso anaukumbuka, mapenzi yapo, lakini jina limekwenda, na halirudi.

Sasa ule ukurasa wa nane uliouona barazani. Ametoka kulinyanyua lori lililopinduka na watu chini yake. Amewatoa wote wazima. Amekwenda kukaa chini ya mkungu, amefunua kitambaa, na mbele yake anapita yule mzee wa tanuri aliyemwajiri, aliyemlisha tangu akiwa mdogo. Mzee anamwita kwa jina. Yeye anainua mkono, anasema, "Shikamoo, mzee." Mzee anaitika na kupita, hajaona kasoro yoyote, maana ni salamu ya heshima, kila mtu husema hivyo. Wewe uliona kwamba hana raha. Uliona sawasawa. Tulihangaika na uso ule mwezi mzima ili mtu aone hivyo bila kuandikiwa.

Anayejua siri ni dada yake. Ndiye mikono ya ukurasa wa kwanza. Toleo linaanza na daftari la shule lenye mistari, kalamu ya bluu, na orodha ya majina. Baadhi ameyapigia mstari. Hujui mikono ni ya nani, hujui majina ni ya nini, unadhani pengine ni madeni ya duka. Kila asubuhi, kabla kaka hajatoka na mikate, anamsomea ile orodha naye anarudia, jina moja moja, huku chai inapoa. Hakuna adui katika toleo hili. Yupo, atakuja, tumemchora pembeni ya fremu mbili na atakayemwona atamwona. Lakini toleo la kwanza tumelitoa lote kwa dada na daftari lake, kwa sababu siku adui atakapotaka kummaliza kijana huyu, hatahitaji bunduki. Atahitaji kuiba daftari la shule. Au kumfanya dada achoke kusoma.

Mama, uliuliza mtoto atalala? Mdogo usimpe, na jaladani tumeandika wazi kwamba ni ya wenye miaka 16 kwenda juu. Lakini huyo wa miaka 16, aliyemwona bibi yake akianza kusahau majina ya wajukuu, akaambiwa nyamaza usiseme, huyo nadhani tayari halali. Nimemchorea yeye.

Ukurasa wa mwisho, wa 22, ulitugombanisha. Ni asubuhi. Dada anamimina chai. Kaka anarudi, na usiku huo amefanya jambo kubwa, tumeona matope miguuni mwake, hatujaona jambo lenyewe. Anakaa. Anamtazama dada yake. Anafungua kinywa amwite. Kijana wetu anayeandika maneno ndani ya maputo alitaka aandike, "Wewe ni nani?" Nikamwambia hapana, hajamsahau, anajua kabisa huyu ni nani, ndiye mtu anayempenda kuliko wote. Akataka tuweke nukta tatu. Tukajaribu, ikawa kama ameguna. Tulibishana mpaka adhana ya alfajiri. Mwishowe akachora puto, mkia wake umefika mdomoni kwa kaka, na ndani hakutia kitu. Jeupe. Katika ukurasa ule ndipo palipo na weupe mwingi kuliko toleo zima.

Nakala ziko mezani hapo nje, na karibu na kila rundo tumeweka penseli. Wawili watatu waliosoma mapema walituletea nakala zao na puto lile limejazwa, kila mmoja kwa jina lake, na sikuwauliza ni la nani. Yako, mama, nimeiweka hapa chini ya kiti changu ili isiishe. Njoo uichukue.